Kuharibu Si Kujifunza

Ipo rai iliyoenea miongoni mwa wapenzi wa easofti, yaani mchezo wa kuwindana kwa bunduki za mfano zirushazo gololi za plastiki zenye kipenyo cha milimita 6, na rai hiyo imekaa vichwani mwa watu hata imekuwa itikadi isiyohojiwa: kwamba bunduki ya namna hii ni kitu cha kuchezea tu, kwamba aliyeinunua ana haki ya kuifungua siku ile ile aliyoinunua, na kwamba njia iliyo bora ya kuujua ufundi wake ni kuivunja, kuiharibu na kuiunda upya, aghalabu ikiwa na nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani. Vijana wetu waliokulia Ulaya na Marekani, wanaocheza mchezo huu na wenzao mwisho wa juma, wameipokea rai hii kama ilivyo, na wengi wao huiona hadhari yoyote kuwa ni woga wa watu wazima.

Insafu yanitaka niieleze rai hiyo kama waiaminivyo wenyewe kabla sijaipinga. Husema kwamba hakuna fundi aliyezaliwa fundi, na kwamba aliye bingwa leo alivunja meno ya pistoni jana. Husema kwamba duka hutoza ujira mkubwa kwa kazi ya saa moja. Kwamba springi yenye nguvu zaidi hupeleka gololi mbali zaidi, na apelekaye mbali ndiye ashindaye. Na kwamba, likiharibika lolote, hasara ni ya mwenye mali, wala hakuna jirani atakayedaiwa senti. Maneno haya yana sura ya akili, na ndiyo sababu yamepokewa na watu wenye akili. Nitayachukua moja moja, mengine kwa kirefu na mengine kwa ufupi, kwa kadiri ya madhara yake.

Dai la kwanza: kwamba ni kitu cha kuchezea

Bunduki hizi zilianzia Ujapani katika miaka ya 1970, katika nchi ambayo sheria yake ya mwaka 1958 ya silaha za moto na panga haimwachii raia wa kawaida kumiliki bunduki ila kwa masharti mazito. Mwaka 1991 kampuni ya Tokyo Marui ikatoa bunduki yake ya kwanza iendeshwayo kwa mota ya umeme, mfano wa FAMAS ya Kifaransa, na tangu hapo mtambo ule wa ndani, yaani betri, mota, gia tatu, pistoni na springi, umeigwa na viwanda vingi duniani. Umbo la bunduki hizi ni umbo la silaha ya vita, na mtu aliye ng'ambo ya barabara hawezi kuzipambanua. Kinachozifanya zihesabiwe kuwa vitu vya mchezo ni kipimo cha nishati. Gololi ya gramu 0.20 ikitoka mtutuni kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde hubeba jouli 1, na ni katika jirani ya jouli hiyo moja ndipo serikali mbalimbali zilipopiga mstari.

Ujapani ilipiga mstari wake baada ya kuona taabu. Mwaka 2005 walitokea watu waliozitia nguvu bunduki zao na kuyapiga magari yaliyokuwa yakienda barabarani, na mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa: gololi ya milimita 6 isipite jouli 0.98, na chombo kipitacho hapo ni silaha mbele ya sheria, hata kama mwenyewe alikinunua kikiwa halali. Uingereza nayo imeweka mipaka yake kwa sheria ya mwaka 2017, jouli 1.3 kwa bunduki iwezayo kupiga mfululizo na jouli 2.5 kwa ile ipigayo moja moja. Basi mpaka baina ya mchezo na silaha umo ndani ya giaboksi, yaani ganda lililobeba mtambo ule, katika springi moja, na kila anayeifungua giaboksi ameushika mpaka huo mkononi mwake, ajue asijue.

Nao wengi hawajui, kwa kuwa hesabu yake haionekani kwa macho. Springi huuzwa kwa namba, M100, M110, M120, na namba hiyo hukadiria mita kwa sekunde ambazo gololi ya gramu 0.20 itakwenda. Mnunuzi huona kwamba kutoka 100 hadi 120 ni nyongeza ya sehemu moja katika tano, jambo dogo. Lakini nishati hukua kwa mraba wa mwendo: mita 120 kwa sekunde ni jouli 1.44, nyongeza ya asilimia 44, na bunduki ya mfululizo iliyofikia kipimo hicho huko Uingereza imekwisha kupita 1.3, nayo huhesabiwa pamoja na silaha zilizopigwa marufuku. Kijana huyu hakuiba wala hakumtisha mtu. Alibadili springi moja ya bei nafuu mezani kwao, na sasa anamiliki kitu kiwezacho kumfikisha kizimbani. Wale waliomwambia kwamba ni kitu cha kuchezea tu hawatakuwapo siku hiyo kumsemea.

Dai la pili: kwamba aharibuye ndiye ajifunzaye

Hili ndilo dai lipendwalo kuliko yote, kwa sababu humfariji aliyekosea na humpa hasara yake jina zuri. Tulitazame kwa karibu.

Giaboksi ya aina ya pili, ile iliyomo katika mifano mingi ya bunduki ya M4, ni maganda mawili ya chuma yaliyofungwa pamoja kwa skrubu, na ndani yake springi imekaa imebanwa hata wakati bunduki imelala kabatini. Mwanafunzi asiyefundwa hufungua skrubu zote, mbili tatu akiwa amezila vichwa kwa kutumia bisibisi isiyo saizi yake, kisha huliinua ganda la juu. Springi hujinyosha ghafla; huisukuma pistoni mbele na kile kishikizo chake nyuma; gia hutoka mahali pake kabla mtu hajaona ipi ilikuwa juu ya ipi; zile washa nyembamba zilizozipa gia nafasi yake, nyingine zikiwa na unene wa sehemu ya kumi ya milimita, hunata katika grisi ya vidole; na kijispringi cha kikomeo kizuiacho gia zisirudi nyuma, kidogo kama punje ya mchele, huruka na kupotelea uvunguni mwa kitanda. Yote hayo ni kufumba na kufumbua.

Sasa nauliza: huyu amejifunza nini? Mpangilio hakuuona, kwa kuwa ulivunjika kabla hajautazama. Washa ngapi zilikuwa upande wa kulia wa gia ya kati na ngapi upande wa kushoto, hajui wala hatajua. Atazirudisha kwa kukisia, atalifunga ganda kwa nguvu huku nyaya zikibanwa ukingoni, na bunduki itakapolia kwa sauti ya kusaga ataambiwa kwamba hiyo ni sauti ya kawaida, itazoea. Haitazoea. Gia zisizokaa sawa hulana meno, na siku pistoni itakapobaki bila meno yake, mwenyewe atailaumu pistoni, atanunua nyingine yenye meno ya chuma, nayo itadumu muda kidogo zaidi hata madhara yahamie kwenye gia. Kosa lilikuwa katika washa tangu mwanzo. Atakuwa amelipa mara mbili na kubaki na elimu ya uongo, kwamba pistoni za plastiki hazifai, na elimu hiyo ndiyo atakayomfundisha mdogo wake.

Mimi sikatai kwamba mafundi walikosea kabla ya kuwa mafundi. Nakataa kwamba makosa ndiyo yaliyowafanya mafundi. Kosa humfunza mtu pale tu anapoweza kulipambanua na lililo sawa, na lililo sawa hulijua kwa kuonyeshwa na aliyetangulia: namna ya kuachilia kile kikomeo ili springi ipungue mkazo, namna ya kukizuia kishikizo cha springi kwa bisibisi wakati ganda linainuliwa, namna ya kupiga picha kila tabaka na kuvipanga vipande kwa mfuatano wa kutoka kwake. Jioni moja pembeni mwa mjuzi hutosha kwa haya. Aliyeharibu giaboksi kumi bila kujua sababu ya hata moja bado ni mwanagenzi, na giaboksi kumi zimekwisha.

Dai la tatu: kwamba nguvu zaidi ni ubora zaidi

Dai hili lina kosa la maarifa na lina kujipinga ndani yake.

Kosa la maarifa ni hili. Gololi ya plastiki ni nyepesi mno, na hewa huinyang'anya mwendo wake upesi. Ukiongeza mwendo wa mwanzo, hewa huzidi kuupunguza. Kinachoipeleka gololi mbali ni mzunguko wa kurudi nyuma unaotiwa na kipande cha mpira kilichoko mwanzoni mwa mtutu wa ndani, mzunguko ambao huiinua gololi hewani inapokwenda, na kinachoipeleka mahali palipokusudiwa ni hewa isiyovuja baina ya silinda, nozeli na mpira huo. Mpira mzuri uliokaa sawa, mtutu uliosafishwa, na gololi nzuri zenye uzito ufaao huleta faida ambayo springi ngumu haiwezi kuileta. Lakini mpira hauonekani wala hausikiki, na springi ngumu husikika mkononi, basi watu huinunua springi.

Ama kujipinga kwenyewe, nako kuna mlolongo wake, na ninawaomba wanaoshikilia rai hii waufuate hadi mwisho. Mtu hutia springi ngumu, na mota iliyokuwa ikitosha sasa inalemewa, mwendo wa kupiga unapungua, naye haridhiki. Kwa hiyo anaiacha betri ya volti 7.4 na kutia ya volti 11.1. Umeme mwingi zaidi unapita katika vile vipande viwili vya shaba vinavyogusana kila kifyatulio kinapovutwa, navyo hutoa cheche, huungua, na mwisho huenda vikashikana hata bunduki isikome kupiga mtu anapoachia. Kwa hiyo anatia swichi ya kielektroniki, anakata nyaya na kuzilehemu upya, na wengine katika hatua hiyo huiondoa fyuzi kwa kuwa imekuwa ikikatika. Pistoni sasa inagonga mbele kwa kishindo ambacho ganda halikuundwa kukibeba, na ganda la aina ya pili hupasuka mbele, pale silinda inapokaa, mahali panapojulikana na kila fundi. Na yule aliyechukua njia ya pili, aliyetia mota ya kasi na betri kubwa juu ya springi laini, huikuta ajali nyingine: gia hurudi kuikamata pistoni kabla haijamaliza safari yake ya mbele, na meno hukatika yote kwa mpigo mmoja. Rai hii humwambia kijana aongeze nguvu na aongeze kasi, vyote viwili, katika mtambo ambao kila kimoja humla mwenzake. Kiwandani walivipima vyote kwa pamoja, na akigeuza kimoja amejitwika deni la kuvipima vingine vyote, naye hana chombo cha kupimia wala hajui kwamba anadaiwa.

Dai la nne: kwamba ni kubana matumizi

Hili halihitaji maneno mengi. Uhesabu mlolongo uliotangulia: springi, mota, betri, chaja yake, swichi, pistoni, gia, na mwisho ganda jipya. Mwishoni mwa orodha hiyo bei ya bunduki imelipwa mara ya pili, na ile ya kwanza imekuwa sanduku la vipande. Ujira wa fundi uliodhaniwa ni mkubwa ulikuwa bei ya kitu kimoja katika hivyo.

Dai la tano: kwamba hasara ni ya mwenyewe

Hapa ndipo rai hii inapokuwa na hatari, na hapa sitaki kusema kwa upole.

Kuondoa magazini si kuondoa gololi. Gololi moja, na mara nyingi zaidi ya moja, hubaki mwanzoni mwa mtutu baada ya magazini kutoka, na bunduki iliyorudishwa pamoja mezani hujaribiwa na mtu aliyeketi, mtutu umeelekea popote, ndugu zake wakipita, na hakuna hata mmoja aliyevaa miwani ya kinga kwa kuwa mchezo haujaanza. Madaktari wa macho wameandika juu ya majeraha ya gololi hizi: damu kuvuja ndani ya jicho, lenzi kuharibika na kuwa mtoto wa jicho, na mkazo wa jicho uletao upofu wa polepole. Jicho hilo si lazima liwe la mwenye bunduki.

Betri za lithiamu nazo hazijui mipaka ya mali ya mtu. Waya uliobanwa baina ya maganda, ngozi yake ikachubuka, hugusana na chuma. Na betri isiyo na fyuzi mbele yake hutoa umeme wote ilionao kwa mara moja, huvimba, huwaka, na moto wake hauzimiki kwa wepesi. Nyumba ikiungua, wote waliolala humo wana sehemu yao katika hasara hiyo ya mtu binafsi.

Kisha kuna mchezaji wa upande wa pili uwanjani, ambaye amekubali kupigwa kwa kipimo fulani na si zaidi. Bunduki hupimwa mlangoni kwa gololi ya gramu 0.20, nayo husomeka halali. Halafu mwenyewe huingia na gololi ya gramu 0.30 au zaidi, na kwa bunduki iliyotiwa silinda kubwa na mtutu usiolingana nayo, gololi nzito hukaa mtutuni muda mrefu zaidi, ikasukumwa zaidi, na kutoka na nishati kubwa kuliko ile iliyopimwa. Mwenye kubadili bila kujua huweza kumjeruhi mwenzake huku cheti cha kipimo kiko mfukoni mwake. Na anapochoka nayo huiuza kwa kijana mwingine, asimwambie alichokitia ndani, na yule mnunuzi hurithi jouli zisizo halali bila kuwa na habari nazo.

Mwisho kuna sura yenyewe ya bunduki. Huko Uingereza asiye mchezaji huuziwa ya rangi kali, nyekundu au buluu au kijani, na kazi ya kwanza ya wengi ni kuipaka rangi nyeusi. Ilhali sheria ya Uingereza ya mwaka 2006 inasema kwamba kuibadili bunduki ya mfano hata ikafanana na ya kweli ni kosa, isipokuwa kwa mwenye utetezi unaotambuliwa, kama vile kuishiriki michezo iliyopangwa yenye bima. Huko Marekani bunduki hizi huuzwa zikiwa na ncha ya rangi ya machungwa. Tarehe 22 Novemba 2014, mjini Cleveland, mtoto Tamir Rice wa miaka 12 alipigwa risasi na polisi akiwa bustanini na bastola ya easofti, akafa siku ya pili yake. Bastola ile haikuwa na ncha ya rangi ya machungwa. Rafiki yake aliyempa alikuwa ameifungua ili aitengeneze, akashindwa kuirudisha ncha mahali pake. Aliyepiga simu kwa polisi alisema kwamba huenda bastola ni ya bandia, neno hilo halikuwafikia askari, na askari alifyatua ndani ya sekunde mbili tangu gari lao kufika. Dhima ya kifo kile siwatwiki watoto wale wawili abadani. Ni ya watu wazima waliokuwa na silaha za kweli na waliokuwa na wajibu wa kutazama kabla ya kupiga. Lakini yeyote asemaye kwamba kipande kilichoshindikana kurudishwa ni hasara ya mwenyewe tu, na alitamke neno hilo huku akikikumbuka kisa hiki.

Kwa hiyo nawaomba wenye viwanja wazipime bunduki kwa gololi zile zile zitakazochezewa siku hiyo, na wazipime tena mchana. Nawaomba wanaouza bunduki walizozifungua waandike waziwazi ni springi gani imo ndani na fyuzi ipo au haipo. Na wewe kijana ambaye bunduki yako imekwama leo, usiifungue peke yako kwa sababu mtu amekuambia utajifunza: vaa miwani, toa magazini, kama bado yapiga, piga mara mbili tatu ukielekeza mahali pasipo na mtu, chomoa betri, kisha umtafute mjuzi akae nawe. Ukimkosa, ipeleke kwa fundi, umlipe haki yake.